Kaharabu si Ambari: Nzi wa Kale na Istilahi Zetu

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hudhani kuwa kosa la istilahi humwaibisha mtafsiri peke yake. Nina kauli tofauti, nayo naijenga juu ya nzi.

Mnamo mwaka wa 1966, Willi Hennig, mwanasayansi Mjerumani aliyeasisi uainishaji wa viumbe kwa misingi ya nasaba, aliandika kuhusu nzi aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Baltiki, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe miaka milioni 40 hivi iliyopita. Ajabu ni kwamba nzi huyo alilingana na Fannia scalaris, spishi iliyo hai hadi leo. Hennig, ambaye hakuwa mtu wa pupa, alitia alama ya kuuliza katika anwani ya makala yake. Jibu lilipatikana mwaka wa 1993 huko London, katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Andrew Ross alikuwa akikichunguza kipande hicho kwa hadubini, joto la taa likafichua ufa. Kumbe kilikuwa kimepasuliwa, kikachimbwa kishimo, akatiwa nzi wa juzijuzi, kisha kikagandishwa! Jina la nzi lilikuwa sahihi. Kaburi lake ndilo lililodanganya.

Ndiposa nashikilia kuwa kumwainisha nzi aliyetoweka huanzia kwenye utomvu, si kwenye mbawa. Na hapa lugha yetu haina uhaba. Tunayo kaharabu, yenye umri wa mamilioni ya miaka. Tunayo sandarusi, utomvu wa msandarusi wa pwani yetu, ambao pia hunasa wadudu lakini ni mchanga mno ukilinganishwa na kaharabu. Huenda jamaa za nzi aliyemo wangali wakiruka papo hapo msituni. Ama ambari, hiyo hutoka tumboni mwa nyangumi, wala haina nasaba na mti wowote. Kiingereza ndicho kilicholitwaa neno hili la Kiarabu na hatimaye kulibandika kwenye kaharabu. Mbona nasi tuurithi mkanganyo huo kwa kufuata mlio wa neno?

Atakayesoma "nzi wa ambari" atamsaka baharini. Na sandarusi ikiitwa kaharabu, nzi wa karne chache zilizopita atahesabiwa miongoni mwa wahenga. Naomba waandalizi wa kamusi za sayansi wayatenge maneno haya matatu, kila moja na asili yake, kabla ya kutubunia la nne.