Shokapu Si Anasa

Mtu mwenye pikipiki kuukuu akikuambia kwamba shokapu zake za mbele "zinadunda kidogo tu", husema kwa sauti ile ile ambayo angesema kwamba kiti cha sebuleni kwake ni kigumu. Kiti kigumu kinavumilika. Mgeni akaribishwe, akae, aumie kidogo, aende zake. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuzifikiria shokapu: kitu cha starehe, cha watu wenye nafasi, cha kutazamwa baada ya mambo mengine yote kwisha. Nasema kwamba fikra hiyo ni ya uongo, na kwamba uongo huo unaumiza watu.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Pikipiki inapofungwa breki, uzito wa chombo na wa waliokipanda huelemea mbele. Kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Lakini breki haiishiki barabara. Inayoishika barabara ni tairi, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Kazi ya kwanza ya shokapu ni kuirudisha tairi chini upesi kila inaporushwa na shimo au jiwe, na kuizuia isirukeruke. Kazi ya kuyapumzisha mabega ya dereva inafuata baadaye. Basi mtoto akikatiza barabara ya changarawe mbele ya pikipiki ambayo gurudumu lake linacheza ngoma, dereva atabana breki mpaka vidole vimuume, na chombo kitaendelea kwenda. Shokapu ni ndugu wa breki. Aliyeiweka katika ukoo wa mito na matandiko ndiye aliyetupoteza.

Wala jambo hili si siri ya wataalamu. BMW ilitoa pikipiki yake ya R12 yenye shokapu za mbele za mabomba mawili na oili ndani mwaka 1935, na mpango huo haujabadilika sana katika pikipiki za kawaida. Bomba la ndani linaingia katika bomba la nje. Ndani yake mna springi inayobeba uzito, na oili inayolazimishwa kupita katika matundu madogo ili springi isipande na kushuka ovyo. Springi hubeba, oili hutuliza. Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kutunzwa kwa nadra, ina shokapu za namna hiyo. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona kila siku, ambazo injini zake zimetokana na hiyo CG, zinazo pia. Kitu chepesi kama hiki mtu wa kawaida anaweza kukielewa kwa mchana mmoja.

Lakini nenda gereji. Mimi nilikwenda katika gereji moja, ambayo sina haja ya kuitaja, na fundi kijana akazibonyeza shokapu mara moja, akatikisa kichwa. "Mzee, hizi zimekufa. Tutie oili ya injini, namba arobaini, zitakaza." Nikamwuliza kama amepima oili iliyomo. Hakupima. Nikamwuliza kama ameitazama springi. Hakuitazama. Alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ilikuwa uzito wa oili. Sikumruhusu aitie.

Dawa hiyo ndiyo ninayoipiga vita. Ni kweli kwamba oili nzito huifanya shokapu iwe ngumu ukiibonyeza kwa mikono pale gereji, na mwenye chombo hulipa akiwa ameridhika. Lakini barabarani mambo hugeuka. Oili inayosukumwa katika tundu dogo huleta ukinzani unaokua kwa kasi ya kutisha: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi kama mara nne. Gurudumu likigonga shimo kwa ghafla, oili nzito haiwahi kupita. Shokapu inakuwa kama nondo, na gurudumu linaruka badala ya kuufuata udongo. Kwenye yale matuta madogo ya mfululizo tunayoyaita rasta, shokapu hushuka na haiwahi kupanda kabla ya tuta la pili, wala la tatu, mpaka pikipiki inakwenda ikiwa imeinama kama mzee mwenye kiuno kibovu. Dereva anaondoka gereji akiamini amepona, kumbe amebadilishiwa ugonjwa.

Na ubaya zaidi ni kwamba oili inayofaa si ghali. Pikipiki ndogo ya aina hii huhitaji chini ya robo lita kwa kila mguu. Kama oili maalumu ya shokapu, ya namba kumi au karibu na hapo, haipatikani mjini kwenu, basi ile oili nyekundu ya gia za otomatiki inauzwa karibu kila duka la vipuri vya magari. Honda yenyewe, katika modeli zake nyingi za miaka ya 1970 na 1980, iliagiza oili hiyo hiyo itiwe katika shokapu. Anayesema kwamba umaskini ndio uliomlazimisha kutia oili ya injini hasemi kweli. Kilichomlazimisha ni haraka.

Wapo na wengine wanaokimbilia upande wa pili: toa zote, nunua mpya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Shokapu mpya za bei nafuu zikifungwa bila kupimwa hazina faida kuliko za zamani zilizotunzwa. Na mara nyingi zile za zamani hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimesahauliwa miaka kumi, oili ikawa tope jeusi, sili zikakatwa na kutu.

Kwa hiyo kazi ianze na yale yasiyogharimu kitu. Inua gurudumu la mbele, shika ncha za shokapu, uzivute mbele na nyuma. Ukisikia mgongo mdogo, ugonjwa uko kwenye beringi za usukani, na shokapu zinasingiziwa. Kisha angalia kama mabomba yamepinda au yamefungwa upande. Legeza ekseli na boliti za kubana mabomba, bonyeza usukani mara kadhaa ili miguu yote miwili ikae sawa, ndipo ukaze tena. Wapo watu waliolalamikia ugumu wa shokapu miaka mingi kwa sababu tu ekseli ilikazwa mabomba yakiwa yamekaa vibaya.

Baada ya hapo fungua, ukiwa umeinua gurudumu la mbele na kusogeza uso pembeni, maana springi inaweza kurusha kifuniko. Mwaga oili yote, safisha, tia mpya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kipimo kizuri zaidi ni cha rula: springi ikiwa nje na bomba likiwa limeshuka mpaka chini, pima kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye oili, na miguu yote miwili iwe sawa kabisa. Hewa iliyobaki juu ya oili nayo ni springi. Ukijaza mno, sili zitapasuka. Alama za kutu kwenye bomba zisuguliwe kwa msasa laini wenye maji kabla ya kuweka sili mpya, la sivyo sili hizo hazitamaliza msimu. Mipira ya mikunjo ya kuzuia vumbi ni rahisi, na hulinda kazi yote hiyo.

Kisha springi. Funga uzi kwenye bomba la ndani, ukae juu ya pikipiki, uone imeshuka kiasi gani. Ikishuka robo hadi theluthi ya mwendo wake wote, yaani kama milimita 30 hadi 40 katika 120, iko sawa. Ikizidi, kipande cha bomba la plastiki la maji, kilichokatwa sawasawa na kuwekwa juu ya springi pamoja na washa, kitaiinua. Lakini tusidanganyane: kipande hicho huinua pikipiki, hakiiongezei springi nguvu. Anayetaka nguvu anunue springi nzito. Na hakuna kipande cha plastiki duniani kitakachohalalisha mishikaki, watu watatu au wanne juu ya chombo cha wawili.

Wenye fedha watasema kwamba viko vifaa vya kisasa, kama zile vali za Race Tech ya Marekani zinazokaa chini ya springi na kuifanya shokapu ya kale ifanye kazi karibu kama ya kisasa. Ni kweli, na ni vifaa vizuri. Lakini vali nzuri ndani ya oili chafu, juu ya sili inayovuja, ni rangi mpya kwenye nyumba yenye ufa.

Najua jibu litakalonijia kutoka kijiweni. Dereva wa bodaboda atasema kwamba chombo si chake. Yeye hupeleka hesabu kila jioni, na kinachobaki ni cha unga na mafuta. Namwelewa, na maneno yangu makali siyaelekezi kwake. Nayaelekeza kwa tajiri anayepokea hesabu hiyo. Yeye hukumbuka kununua taa za rangi, honi ya lori na kifuniko cha kiti chenye nakshi, kwa sababu hivyo huvuta abiria. Shokapu haivuti abiria, kwa hiyo hafungui. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hajui kilichomo ndani ya bomba lile. Ameziona taa, akaamini. Amelipa nauli kamili kwa chombo ambacho nusu ya breki yake imekufa. Huko ni kumdhulumu, hata kama hakuna sheria inayokuita mwizi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni mguu wa mtu uliofungwa vyuma hospitalini. Nusu lita ya oili, sili mbili, msasa, kipande cha bomba na mchana mmoja: hiyo ndiyo gharama ninayoizungumzia. Tajiri, mara hii honi ingoje. Fungua mabomba kwanza.