Taa Pekee Hazitoshi: Si Kila Uwanja Unafaa Testi ya Usiku

Hebu jiulize. Testi, ile kriketi ya siku tano, kwa kawaida huanza asubuhi na kuisha jioni, na nyingi ya siku hizo ni za kazi. Nani ana nafasi hiyo? Mstaafu, mtalii, na msee aliyefutwa kazi wiki jana. Kwa hivyo waliosema tuanze saa nane mchana, tuwashe taa, na tucheze hadi saa tatu usiku walikuwa na hoja nzito. Walikuwa wanakufikiria wewe unayetoka job saa kumi na moja.

Mimi nawaunga mkono. Ninachopinga ni hii tabia ya kudhani kwamba uwanja wowote wenye taa unaweza kubeba mechi kama hiyo.

Angalia Adelaide, Australia, mahali ilipochezwa ya kwanza kabisa, Novemba 2015, Australia dhidi ya New Zealand. Mechi iliisha siku ya tatu na bado watu zaidi ya 120,000 walipita langoni. Si bahati. Uwanja uko ng'ambo tu ya mto ukitoka katikati ya mji. Unashuka treni, unavuka daraja la miguu, umefika. Desemba kuna joto na jioni ni ndefu. Mtu anatoka ofisini na tai yake, anakuta bado kuna saa kadhaa za mchezo. Wewe fikiria ungeweza kutoka job na kufika uwanjani kwa miguu, bila kupigania matatu. Ungekosa kwenda?

Halafu kuna kazi ambayo shabiki haioni. Mpira mwekundu hauonekani vizuri chini ya taa, na mweupe huchakaa haraka mno, tena wachezaji wenyewe wamevaa nyeupe. Ndiyo maana ukaja wa pinki. Huu nao una deko zake. Unapakwa rangi nzito ili usififie, na pichi ikiwa kavu yenye kukwaruza, rangi hiyo inaisha. Watunzaji wa uwanja wa Adelaide waliacha nyasi kidogo kwenye pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, ili mpira udumu. Uwanja usio na mtu wa kufanya kazi hiyo, na mvua au maji ya kuotesha nyasi hizo, utaishia kwenye aibu.

Na kuna magharibi. Muulize mpigaji yeyote: saa mbaya ni ile jua linapozama na taa hazijashika kazi sawasawa. Wakenya tunalijua hili kwa namna yetu. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, Durban, India walipiga kwanza mchana wakaweka 270. Sisi tukaingia usiku na kuishia 179. Ile ilikuwa mechi ya siku moja yenye mpira mweupe, na sisemi taa ndizo zilitupiga, maana India walikuwa moto. Lakini ukiona timu zikigombania kushinda sarafu ili zisipige usiku, ujue uwanja wenyewe umeanza kuchagua mshindi.

Sasa twende Dubai, Oktoba 2016, Pakistan na West Indies. Azhar Ali alipiga 302 bila kutolewa. Mechi ikafika siku ya tano, Pakistan wakashinda kwa mikimbio 56. Tamu kabisa! Tatizo, walioiona wengi wao walikuwa viti. Pakistan walikuwa wanacheza ugenini na kuita nyumbani, kwa sababu tangu timu ya Sri Lanka ishambuliwe Lahore mwaka 2009, mataifa yalikuwa yanaogopa kwenda kwao. Taa zilikuwepo, shabiki wa jioni hakuwepo.

Uingereza nao walijaribu Edgbaston, Birmingham, Agosti 2017. Jua la huko mwezi huo linazama baada ya saa mbili usiku, kwa hivyo unawasha taa karibu na muda wa kwenda nyumbani, tena kwa baridi. West Indies walipoteza wiketi 19 siku moja. Uingereza hawajarudia, na sioni kwa nini warudie. Testi zao za mchana hujaza uwanja bila msaada.

Kolkata ilinivutia zaidi. Novemba 2019, India na Bangladesh, waandalizi walijua umande wa usiku utalowesha mpira na warushaji wa kuuzungusha watashindwa kuushika. Wakaanza saa saba mchana. Giza la huko huingia mapema, karibu saa kumi na moja, kwa hivyo mwenye kazi bado alipata mchezo wa jioni. Kuna mtu alikaa chini akafikiria. Ahmedabad, Februari 2021, mambo yalikuwa tofauti: pichi ya mavumbi, wiketi 28 kati ya 30 zikaenda kwa warushaji wa kuzungusha, mechi ikaisha siku mbili. Ulikuwa umelipia tiketi ya siku ya nne? Pole.

(Kuna wanaolaumu taa kwa India kutolewa kwa 36 Adelaide mwaka 2020. Ilikuwa mchana kweupe. Hapo taa hazina kesi.)

Linaloniuma zaidi ni Sabina Park, Jamaica, Julai 2025. Testi ya kwanza ya usiku uwanjani hapo, na West Indies wakatolewa kwa mikimbio 27, mmoja tu juu ya rekodi mbaya kuliko zote. Mitchell Starc alichukua wiketi tano kwa mipira 15. Najua Starc ni Starc popote. Lakini kuwakaribisha wataalamu wa mpira wa pinki kwenye uwanja unaojaribu mpira huo mara ya kwanza ni kujitafutia balaa.

Melbourne imepangiwa Australia na Uingereza, Machi 2027, kuadhimisha miaka 150 ya Testi ya kwanza. Treni zinafika karibu na lango, na mwezi huo jua huzama kabla ya saa mbili usiku. Kwangu huo umepita. Sabina Park ningeipa kwanza msimu mmoja wa mechi za nyumbani, za wachezaji wa visiwani wenyewe, kwa mpira wa pinki na taa zikiwaka. Starc angesubiri.