STESHENI YA KISUMU NI YA ABIRIA



Yako maneno yanayosemwa na mabwana wa ofisini, na hata baadhi ya wenzetu wanaokula mshahara wa reli wameanza kuyarudia, kwamba gari la abiria la Kisumu ni hasara tupu, na stesheni ile afadhali wapewe wenye maduka. Sisi twayakataa, tena twayakataa kwa sababu.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence. Mji ulikua kandokando ya reli na gati. Abiria alishuka garini akaenda kwa miguu mpaka melini, safari ya Entebbe, Bukoba au Mwanza. Baadaye likaongezwa tawi la Butere, na mama wa Yala au Luanda akapanda na vikapu vyake, watoto na kuku, akakaa daraja la tatu. Huyo ndiye abiria tunayemsema. Hatumsemi mtalii anayekuja kupiga picha.

Haya, tuitazame hiyo hasara. Gari likitoka Nakuru hupanda mpaka Mau Summit, zaidi ya futi 8,000, kisha huteremka Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Miwani, Kibos, mpaka ziwani kwenye futi 3,700 hivi. Mlima ule hula mafuta na breki. Hatukani, na asiyeamini amwulize dereva. Lakini injini moja, na dereva, msaidizi wake na gadi, huvuta watu wa kujaza matatu nyingi. Tena reli hulipia njia yake yenyewe: mataruma, kokoto, madaraja, na gengi ya kuitunza. Mwenye basi hulipa ushuru wa mafuta, ni kweli, lakini hana gengi wala hajengi daraja. Barabara hujengewa na Serikali. Basi gharama ya njia ya reli huandikwa juu ya abiria wa gari la moshi, na gharama ya barabara haionekani kwenye karatasi ya mwenye basi. Hesabu ya namna hiyo mwalimu wetu wa misheni angeipiga mstari mwekundu.

Na nani aliyewafukuza abiria? Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 25. Mkataba ukavunjika 2017, hata nusu haijafika. Katika miaka ile gari la abiria la Kisumu lilisimama, na nyasi zikaota kati ya reli. Lilirudi Desemba 2021, baada ya njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, kutengenezwa. Lakini lilirudi la mara moja kwa juma! Mwenye kuuza samaki atangoje siku sita samaki wakioza? Mgonjwa aambiwe augue Ijumaa? Mtu ananyimwa gari, halafu anaambiwa kwamba hapendi kusafiri.

Nasi wafanya kazi tujiangalie hapo. Gari la mara moja kwa juma ni karani wa tikiti wa mara moja kwa juma, ni mfagiaji na mchukuzi wa mara moja kwa juma. Hivyo ndivyo kibarua anavyozaliwa: hana likizo, hana kiinua mgongo, na akiuliza huambiwa kazi yenyewe ni chache. Wenzetu wa gudsi wanaosema mambo ya abiria hayawahusu wafikiri tena, maana aliyezoea kuajiri vibarua kwenye tikiti atawazoea na kwenye mabehewa ya mizigo.

Liko jambo lingine. Reli mpya ilipoanza 2017, vituo vyake vikubwa viliwekwa Syokimau na Miritini, mbali na mji, na abiria akalipa nauli ya pili kufika mjini. Ilifika Naivasha 2019. Ikija Kisumu, isiturudishie mchezo huo. Stesheni ya zamani iko mjini, karibu na gati na soko, na mwenye mzigo kichwani huifikia kwa miguu.

Twataka gari la kila siku, hata likiwa na mabehewa machache. Twataka karani na mfagiaji wa kudumu, wenye barua ya kazi. Twataka taa, maji na choo katika stesheni, na viti vya daraja la tatu vyenye bei ya mtu wa mshahara mdogo. Wajumbe wa matawi ya Nakuru, Muhoroni na Kisumu waandike madai haya kwa pamoja, wakataje tarehe ya kujibiwa.