Huria kwa Nani?



Katika mzozo wa majarida ya kitaaluma tunahimizwa tuchague upande. Upande mmoja wako wachapishaji wanaozifungia makala: asiyelipa hasomi. Upande wa pili wako watetezi wa machapisho huria, ambao kwa Tamko la Budapest la mwaka 2002 walidai elimu isomwe bure na wote. Dai hilo ni la haki. Lakini wachapishaji wakubwa wameligeuza biashara: wameufungua mlango wa msomaji, wakaufunga wa mwandishi. Mwaka 2020, jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja iwe huria, kuanzia 2021. Hata ada ingekuwa sehemu ya kumi ya hiyo, mwalimu wa Mabawa anayetafiti tenzi ataitoa wapi?

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi juu ya Wadachi kuutamalaki Mrima. Ni dhuluma kumtoza mtu wa Mrima ili asome uchambuzi wa utenzi huo. Na ni dhuluma ileile kumtoza ili auandike.

Basi tusiwe wafuasi wa yeyote. Kila mpango tuupime kwa maswali matatu: Msomaji analipa? Mwandishi analipa? Ufunguo wa ghala anao nani?

Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, linayajibu vyema mawili ya kwanza: husomwa bure mtandaoni, wala mwandishi hatozwi. Tunawashukuru. Lakini swali la tatu limebaki, kwani ghala liko ugenini, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyumbani tunalo jarida la Kiswahili la TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lenye nasaba inayofika kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Makala zetu bora zianzie hapo, na nakala zake ziwekwe katika maktaba za mikoa, Tanga ikiwamo.

Watasema mhadhiri hapandi cheo kwa jarida la nyumbani. Hapo ndipo penye utumwa wenyewe! Anayesubiri mgeni amwambie kama utafiti wake juu ya vina na mizani una thamani, hata akisomwa bure dunia nzima, bado hajawa huru.