Corvair na Dhambi ya "Kama Lilivyotoka Kiwandani"

Sisi wapenzi wa vitabu tuna ugonjwa wetu, na nadhani tumewaambukiza watu wa magari. Ni ugonjwa wa kuabudu toleo la kwanza. Kitabu kikiwa na jalada lake la mwanzo, hata kama kina makosa ya chapa, tunakigombania kuliko kile kilichosahihishwa. Kosa lenyewe linageuka kuwa ushahidi wa uasilia. Kwenye vitabu haina neno, hakuna anayeumia. Lakini kwenye gari, jamani, kosa la chapa linakwenda kilomita 80 kwa saa, na ndani yake wamo watu.

Nalisema gari moja hasa: Chevrolet Corvair, la Kimarekani, la miaka ya 1960 hadi 1969. Injini iko nyuma, ina silinda sita zilizolala, na inapozwa kwa hewa, rejeta halina. Wengi wetu tunalijua bila kulipanda, maana ndilo lililofungua kitabu cha Ralph Nader, *Unsafe at Any Speed*, kilichotoka mwishoni mwa 1965. Nader alikuwa mwanasheria wa miaka 31. General Motors, wenye Chevrolet, wakakodi wapelelezi wachimbe maisha yake. Machi 1966 mkuu wa kampuni, James Roche, akaomba radhi mbele ya kamati ya Seneti, na Septemba ya mwaka huohuo Rais Johnson akatia saini sheria ya usalama wa magari. Sisi tunaoandika tunaota kupata wasomaji wenye hofu kama hiyo.

Ugomvi ulikuwa kwenye saspensheni ya nyuma ya magari ya 1960 hadi 1963. Ekseli imekatwa vipande viwili, na kila kipande kina kiungo upande wa gia boksi tu. Gurudumu halipandi na kushuka wima, linazunguka kama mlango kwenye bawaba. Ukiingia kona kwa kasi, halafu ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma inainuka na gurudumu la nje linajikunja kuingia chini ya gari. Tairi linabaki limekanyaga kwa ukingo. Mkia, uliobeba injini na zaidi ya nusu ya uzito wote, unatangulia kwenda unakotaka.

Na dawa ya kiwandani ilikuwa nini? Upepo wa tairi! Mwenye gari aliambiwa ajaze 15 mbele na 26 nyuma, kwa kipimo cha PSI, tairi zikiwa za baridi. Usalama wa familia nzima ukawekwa mikononi mwa kijana wa kituo cha mafuta, ambaye kwa mazoea anajaza tairi zote nne sawasawa.

Sasa wapo wanaofufua magari haya leo na kuapa kwamba hawataongeza hata bolti moja. Likiwa ni stesheni wagoni, iliyoundwa kwa misimu miwili tu, 1961 na 1962, ndiyo kabisa: ukiligusa umelinajisi. Ukiwauliza, wanakutolea ripoti ya serikali ya Marekani ya 1972. Kweli ripoti ipo, na kweli ilisema Corvair ya 1960 hadi 1963 haikuwa rahisi kupinduka au kumshinda dereva kuliko baadhi ya magari ya rika lake. Wanaofundisha kitabu cha Nader kama msahafu wanapaswa kuifundisha na ripoti hiyo pia.

Ila soma sentensi vizuri, ndiyo kazi yetu. "Si baya kuliko wenzake" haina maana ya "zuri". Wenzake nao walikuwa na madhambi yao, na sura nyingine za Nader ziliwahusu. Usiniambie pia kwamba Volkswagen zile za mgongo wa mviringo zilikuwa na ekseli za aina hiyohiyo na bado zikashinda mbio za Safari hapa kwetu miaka ya 1950. Dereva wa mbio anajua anachokiendesha. Corvair liliuzwa kwa baba wa watoto watatu kama gari la kawaida la kwendea sokoni.

Hoja inayowamaliza kabisa watu wa "kama lilivyotoka kiwandani" inatoka kiwandani kwenyewe. Mwaka 1962 Chevrolet walianza kuuza, kwa anayetaka kuongeza hela, saspensheni yenye stabilaiza ya mbele, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Mwaka 1964 stabilaiza ikawekwa kwenye kila gari, na nyuma ikaongezwa springi ya bamba iliyolazwa kukatisha chini ya ekseli, kuyazuia magurudumu yasijikunje. Mwaka 1965 ekseli hiyo ikatupwa, ikaja saspensheni mpya kabisa. Yaani mwandishi alisahihisha kazi yake mara tatu kabla kitabu cha mkosoaji hakijakauka wino. Halafu wewe, miaka 60 baadaye, unatetea rasimu ambayo mwenyewe aliikataa?

Siwatetei wa upande wa pili, wanaokata chasisi kwa moto, wakachomelea ekseli za gari la kisasa na kulishusha mpaka likakaribia kulamba lami. Hao wanachoma muswada. Gari hili ni ushahidi katika mojawapo ya kesi kubwa za karne iliyopita, na ushahidi hauyeyushwi.

Njia ipo, na kila mhariri mwaminifu anaijua. Funga stabilaiza ya mbele. Funga ile springi ya kukatisha nyuma, kwa bolti, bila kukata wala kuchomelea. Badilisha bushi na shokapu zilizochoka, maana mpira wa 1961 haurudi ujana kwa sababu ni asilia. Vya zamani usitupe. Vifungie kwenye sanduku lenye maandishi, viende na gari kwa kila mmiliki. Kisha andika kwenye kadi, uiweke kwenye droo ya dashibodi: nini kimebadilishwa, lini, na kwa nini. Huo ndio utangulizi wa mhariri. Msomaji akitaka toleo la kwanza analipata, ila halazimiki kulisomea kwenye kona ya mvua.

Anayekataa hata hili asijiite mlinzi wa historia. Historia ya Corvair ni historia ya kosa lililojulikana, likauziwa watu dawa yake kwa bei ya ziada, kisha likasahihishwa kimyakimya. Kulirudisha kosa hilo barabarani kwa makusudi, eti kwa heshima ya uasilia, ni kuungana na waliolificha.