Mchungaji, hiyo stori uliomba ruhusa?

Jamani, hivi mhubiri akisema "jina nalihifadhi" anadhani anamficha nani? Hapa Ngamiani barabara zenyewe tunaziita kwa namba, na watu tunajuana hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba. Chukua mfano: mhubiri anasema kuna dada alimjia analia, mume anafanya kazi bandarini, mtoto wa pili si wa mumewe. Jina hakutaja. Lakini kabla ya sadaka benchi zima limeshajua, na kwa kuwa spika zimeelekezwa nje, hata jirani Mwislamu anayekunywa kahawa kibarazani kapata habari yote. Huyo dada akipata shida tena atamwendea nani?

Sisemi stori ziachwe. Bila stori mahubiri yanalaza watu. Tena ushuhuda una mizizi kwetu: Uamsho ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulibebwa na watu kuungama hadharani. Nguvu yake ilikuwa hapo, na ugomvi wake ulikuwa hapo hapo. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu Uamsho huo, anaonyesha jinsi waongofu walivyowaudhi wenzao kwa kuanika siri za nyumbani. Maana huwezi kuungama uzinzi peke yako. Kuna mwenzio, naye hakuomba kutajwa.

Kwangu mpaka uko hapo. Stori ya ulevi wako au madeni yako ni mali yako, simulia (ingawa kuna wengine dhambi zao za zamani zinanenepa kila mwaka). Stori niliyokuletea nikitafuta maombi ni yangu. Niombe ruhusa, tena faragha, si mbele ya wazee wa kanisa ambako nitashindwa kukataa. Na kuficha jina hakutoshi. Kwenye uandishi wa habari, anayemlinda mtu huondoa pia kazi, mtaa na idadi ya watoto.

Nabii Nathani naye alikuwa na stori, ile ya mwanakondoo wa maskini. Ila alimsimulia Daudi mwenyewe, usoni. Hakukodi Uwanja wa Mkwakwani.

Halafu kuna watoto wa wachungaji, ambao hata kukojoa kitandani kwao kumeshakuwa mahubiri ya Jumapili. Wao waliombwa ruhusa lini?