Breki Kwanza, Mwendo Baadaye

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita kulizuka maneno mengi juu ya gari la Jumuiya, na kwa ufupi wa wakati sikuweza kuyasema yote niliyo nayo. Mkutano ujao ndio utakaokata shauri. Basi nimeona bora niyaandike hapa, kila mtu ayasome nyumbani kwake kwa utulivu, na akija mkutanini awe ameshapima.

Shauri lenyewe ni hili. Wenzetu wengi wataka fedha za mfuko wa gari zinunuliwe difu mbili za Range Rover, zenye uwiano wa 3.54, zitiwe badala ya zile za asili zenye 4.7. Gari letu, kama mjuavyo, ni Land Rover ndefu ya inchi 109, toleo la IIA, katika yale yaliyoundwa baina ya 1961 na 1971. Difu hizo zaingia katika ekseli zake, na barabara kuu litakwenda upesi zaidi kwa mzunguko ule ule wa injini. Sababu ya wenzetu si mbaya hata kidogo. Kila mwenye shamba ajua kwamba karafuu mbichi zikichelewa guniani huvukuta, na zikivukuta haziwi tena na rangi ya kupendeza mnunuzi. Mimi si adui wa mwendo. Nasema breki zitangulie.

Kwanza tuelewe difu hufanya nini. Maana ya 4.7 ni kwamba shafti kubwa iliyo chini ya gari huzunguka mara nne na sehemu saba za kumi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukitia 3.54, shafti huzunguka mara tatu na nusu hivi. Katika njia ya sawasawa hiyo ni faida. Lakini Pemba si nchi ya sawasawa. Ni kilima na bonde, kilima na bonde. Tukiteremka na mzigo, injini ndiyo hutusaidia kulizuia gari, na msaada huo hupungua kwa kiasi cha robo katika kila gia.

Wala si injini peke yake. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haimo magurudumuni kama ya gari nyingine. Ina ngoma yake nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti kubwa. Kwa hiyo nguvu yake nayo hupitia kwenye difu kabla ya kufika gurudumuni, na kwa difu ya 3.54 hupungua kwa robo ile ile. Gari lililokuwa likisimama juu ya mlima kwa taabu litakuwa halisimami. Kutia magurudumu makubwa zaidi, kama wapendavyo vijana, huleta madhara ya namna hiyo hiyo.

Na hapa sina budi kusema jambo lililo aibu kwangu. Msimu uliopita fundi wetu aliniletea karatasi. Aliandika kwamba sili za nyuma zavuja, mafuta ya ekseli yameingia katika viatu vya breki, na bomba moja la breki limeliwa na kutu. Nilimwambia asubiri. Fedha zilizokuwapo nikanunua turubali na magurudumu mawili, nayo karatasi nikaitia failini. Haikupita muda, jioni moja baada ya mvua, gari likateremka na gunia, na juu ya gunia wachumaji tisa. Kwa kuwa viatu vilikuwa vimelowa mafuta, dereva alikanyaga kwa nguvu kuliko kawaida, na lile bomba likapasuka. Gari letu lina njia moja tu ya mafuta ya breki. Likipasuka bomba moja, magurudumu yote manne hayana breki. Alhamdulillahi, mzee wetu dereva alikuwa amekwisha kulitia katika gia nzito kwa mkono mwekundu, akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Kijana mmoja alianguka akavunjika mkono. Nilipokwenda spitali, mama yake hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, gari lile lilikuwa zima?" Nikamjibu, "La, mama, lilikuwa bovu, nami nilijua."

Tangu siku ile bomba limebadilishwa na sili pia, lakini njia ya breki ingali moja. Kwa hiyo natoa rai fedha zitumiwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, itiwe masta silinda ya njia mbili, kama ile iliyokuja katika magari ya toleo la III ya miaka ya mwisho. Njia moja yaenda mbele na nyingine nyuma, hata moja ikipasuka nyingine ibaki. Mabomba yote ya chuma na ya mpira yabadilishwe wakati huo huo.

Pili, silinda ndogo za magurudumuni na viatu vya breki viwe vipya, na ngoma zipimwe. Vumbi la viatu vya zamani lina asibesto, ambayo huleta saratani ya mapafu; fundi asilipulize kwa upepo, bali alifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Tena kila ekseli ina tundu dogo la kupumulia juu yake. Likizibwa na tope, mafuta yakipata moto husukumwa nje kupitia kwenye sili, yakaishia breki. Kulisafisha hakugharimu hata senti.

Tatu, mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani, na yenye maji huchemka katika mteremko mrefu, pedali ikazama. Yawe DOT 3 au DOT 4 kama yalivyoandikwa koponi. Mwenye kutia mafuta ya injini kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu huziharibu mpira zote, zitavimba.

Nne, hafu shafti za nyuma, zile zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni, ziwe za chuma chenye nguvu zaidi. Za asili zajulikana kwa kukatika. Nayo ikikatika ilhali gari linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, msaada wa injini hupotea na breki ya mkono pia, kwa pigo moja. Ndiyo maana dereva asimame kileleni, atie gia nzito, ambayo huyashika magurudumu ya mbele pamoja, ndipo ateremke.

Wako wanaouliza juu ya diski za mbele. Ni nzuri, kwani hukauka upesi baada ya kupita majini na hustahamili moto. Lakini zataka masta silinda yake na kisaidizi cha breki, na gharama ni kubwa. Zingoje. Wanachama wenye gari fupi za inchi 88 wajue kwamba ngoma zao za inchi 10 zaweza kubadilishwa kwa za inchi 11 za gari ndefu. Hiyo ni njia nafuu kuliko diski.

La mwisho halihitaji fedha: mtu asipande juu ya gunia tena. Nalisema hili nikijua kwamba wachumaji watatembea, na kwamba baadhi yenu mtanuna.

Yakitimia hayo na fedha zikabaki, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono zinunuliwe difu za mwendo. Kutegemea kudura ya Mungu ni wajibu wetu, lakini anayetegemea hufunga kwanza mnyama wake. Karatasi ya fundi nimeitoa failini, nami nitakuja nayo mkutanini kila mtu aisome.

Wenu katika kazi,
Katibu